Klachi Isiyoachia

Kiti cha pikipiki kilikuwa na joto. Mbwana aliingia kwenye banda la mbata asubuhi, jua likiwa bado chini ya minazi, akakivuta kitambaa chekundu kilichoifunika ile pikipiki tangu masika ya mwaka uliopita, akaweka kiganja juu ya ngozi ya kiti. Ngozi ilikuwa na joto la mahali alipokuwa amekaa mtu akainuka sasa hivi. Injini ilikuwa baridi. Tangi lilikuwa baridi na lina umande. Kiti peke yake ndicho kilichokuwa na joto.

Mtu mwenye akili angerudisha kitambaa mahali pake, akaomba radhi, akatoka kinyumenyume. Mbwana alifuta kiganja kwenye kikoi chake akasema labda paka alilala pale. Nyumba ile haikuwa na paka. Nayasema haya mapema ili mtu asije akamwonea Mbwana huruma bure.

Mkewe, Mwanarusi, alikuwa amesimama mlangoni pa banda, mkono mmoja kwenye nguzo na mwingine chini ya tumbo. Mimba ilikuwa kubwa. Mbili kabla yake zilikuwa zimeharibika, na hii alikuwa ameibeba kama mtu anayebeba mafuta kwenye kipande cha kigae.

"Bwana, unafanya nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Naitazama pikipiki yangu."

"Si yako."

"Nani aliyeinunua?"

"Uliinunua wewe, ukaitoa wewe. Rudisha kitambaa, nakuomba. Leo ni Alhamisi, bado sijamfukizia udi."

Mbwana alikikunja kile kitambaa, akakitupa juu ya gunia la mbata.

Ilikuwa hivi. Mbwana alikuwa mtu wa kununua mbata, yaani nazi kavu, vijijini, kutoka kwao Msambweni mpaka Ukunda, kwa niaba ya tajiri mmoja wa Mombasa. Mzungu fulani wa Diani alipofunga mizigo kurudi Ulaya, Mbwana aliinunua pikipiki yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuzungumza naye. Alikuwa akipita na honi hata penye kuku wawili. Kisha akaanguka kwenye mchanga wa Gazi, akavunjika mguu, na pikipiki ikasukumwa bandani ikae. Ilikaa mvua zikaja, zikaondoka. Siku aliyoweza kusimama kwa mkongojo aliingia kuijaribu. Injini iliwaka. Akabana mkono wa klachi mpaka mwisho, akatia gia, na pikipiki badala ya kungoja aachie ikaruka naye vilevile, ikagonga ukuta, ikazima. Aliipiga teke kwa mguu mzima, akaangukia ule mbovu. Akatoka akitukana, akasema imekufa.

Mwezi uleule Mwanarusi alizidiwa. Alikuwa na jini. Lilikuwa likimjia jua la utosi, likimwangusha jikoni, likisema kwa kinywa chake maneno ya adabu kwa sauti isiyokuwa yake. Mimba zote mbili zilitoka baada ya maanguko hayo. Mbwana hakuamini. Alikuwa akisema majini ya wanawake yanapenda leso mpya kupita kiasi, na wanaume wenzake walicheka, kwa sababu kila mmoja wao ana mke na anaogopa kuombwa. Mwisho dada yake Mwanarusi, Esha, alikwenda mwenyewe Kibuyuni kumleta Bi Chiku, mganga, na ngoma ikapigwa uani.

Jini lilipanda na kutaja haja zake. Halikutaka pete wala mbuzi. Lilitaka kiti chake, mahali pa kukaa asipokaa mtu mwingine, ili lisikae tena juu ya mwanamke huyu. Ndivyo desturi ilivyo huku, kila mtu anajua, na mume mwenye kumpenda mkewe hutafuta seremala siku ileile. Mbwana alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba mguu umefungwa vijiti tena, amechoka na makelele. Akasema:

"Mpeni ile pikipiki. Imekufa, haina kazi."

Watu wengine walicheka. Bi Chiku hakucheka. Alimwuliza, "Umetoa?" Akajibu ametoa. Akamwuliza mara ya pili, akajibu ametoa. Mara ya tatu Mbwana alijibu kwa hasira, lakini alijibu. Jini likasema, "Nimekubali, mwenye nyumba. Shukrani." Mwanarusi akainuka, akaomba maji.

Tangu hapo hakuanguka tena. Pikipiki ilivikwa kitambaa chekundu, ikawa inanyunyiziwa marashi na kufukizwa udi kila Alhamisi, na mimba ikashika. Mbwana aliyaona haya yote kwa macho yake mawili. Halafu Wazungu wakajenga hoteli mpya ufukweni Diani. Huko bara kulikuwa na hali ya hatari, lakini wao walikuja kuogelea kama kawaida, na wakatangaza kwamba wanamtaka mtu mwenye pikipiki wa kuwaletea barua na nyama kutoka kivukoni. Mguu wa Mbwana ulikuwa umepona. Ghafla ile iliyokufa ikawa hai.

"Nitakununulia kiti kizuri cha mninga," alimwambia Mwanarusi pale bandani. "Tumhamishie huyo mgeni wako."

"Ungekinunua mwaka jana."

"Mwanarusi, usinijibu hivyo."

"Nakujibu kwa sababu ya huyu," alisema, na mkono wake ulibaki chini ya tumbo. "Huyu nikimpoteza, sitakusamehe duniani wala akhera. Nimekwambia mapema."

Mbwana akamwacha mlangoni. Akatuma mtu Ukunda kumwita fundi.

Fundi Kenga alifika na mfuko wake wa spana, akasalimu, akaisukuma pikipiki uani kwenye mwanga. Hakujua habari ya kitambaa wala ya ngoma. Aliibana klachi mara mbili tatu, akatia gia, akaisukuma, gurudumu likakataa kuzunguka.

"Hii si kazi kubwa," alisema. "Klachi ni sahani zimepangwa, moja juu ya mwenziwe. Ukibana mkono zinaachana, ukiachia zinashikana. Pikipiki ikikaa sana zinagandana, hata ubane namna gani haziachani. Tutaipasha moto kwanza, halafu tuitikise."

Aliiwasha. Moto ulipokolea aliizima, akatia gia, Mbwana akabana mkono wa klachi kwa nguvu zake zote, na wawili wakaanza kuitikisa mbele na nyuma, mbele na nyuma, ili sahani ziachane.

Jikoni sufuria ilianguka.

Esha alitoka akikimbia, leso imemtoka kichwani. Alikuwa amekuja kukaa na mdogo wake mpaka ajifungue. Hakupaza sauti. Alimkaribia Mbwana akamsemesha kwa meno yaliyoumana.

"Shemeji, acheni. Kila mkisukuma, tumbo linamkata. Mkisimama, linasimama."

"Ana mimba, Esha. Tumbo litaacha kumuuma?"

"Nimekwambia nilichokiona."

"Umeona unachotaka kuona. Nenda kampe maji."

Kenga alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kutikisa kulikuwa hakujasaidia chochote, basi akapiga magoti, akafungua kifuniko cha upande wa kushoto ili azitoe sahani kwa mkono. Aliponyanyua kifuniko, harufu ya marashi ilitoka ndani ya chuma, nzito, kama mtu amevunja chupa. Kenga alikunja pua. Alitarajia kutu, na hapakuwa na kutu. Sahani zilikuwa safi, zinang'aa, zina majimaji. Alichovya kidole, akanusa, akakifuta haraka kwenye suruali.

"Bwana Mbwana, nani amewahi kufungua hapa?"

"Hakuna. Endelea."

"Kitu kisicho na kutu hakigandi hivi."

"Nimekuita utengeneze au unihubirie?"

Kenga alichukua kisu chembamba, akakipenyeza baina ya sahani ya kwanza na ya pili, akakizungusha taratibu. Ziliachana kidogo kwa sauti ya kitu kibichi kinachochanwa. Ndani ya nyumba Mwanarusi alitoa mlio mmoja mrefu, kisha Esha akatokea mlangoni, na safari hii hakusogea karibu. Alisimama pale ameshika kitambaa, na kitambaa kilikuwa na damu.

"Ameanza kutokwa," alisema. "Mbwana, anatokwa."

Kenga alikitoa kisu. Sahani zilirudiana zenyewe, pap, kabla hajazigusa. Ndani kule kilio kikakatika. Fundi alikaa chini, akaangalia ile klachi, akaangalia mlango, na hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

"Mimi narudisha kifuniko," alisema. "Narudisha kifuniko naondoka."

"Hujamaliza kazi."

"Imalize wewe. Mimi pia nina mke."

Alifunga parafujo zote kwa uangalifu, kwa sababu aliogopa kuiacha wazi. Akakusanya spana zake, akaenda zake, hakudai hata ya nauli. Mbwana alisimama uani akimwita mwoga mpaka alipopotea njiani. Nakereka kila ninapofika hapa. Mwanamume ameshaona damu ya mkewe kwenye kitambaa, na hasira yake yote ameielekeza kwa fundi.

Aliingia ndani. Mwanarusi alikuwa amelala kwenye mkeka, Esha amemwekea mto chini ya miguu. Jua lilikuwa limefika utosini, lile jua la kimya ambalo hata kunguru hunyamaza. Mwanarusi alifumbua macho, akamtazama mumewe kwa upole asiowahi kumtazama nao, na Esha akajivuta nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Karibu, mwenye nyumba," alisema, na sauti haikuwa yake. "Habari za tangu asubuhi?"

Mbwana alirudi nyuma hatua moja.

"Nimeondolewa kwenye kiti changu. Kitambaa changu kimetupwa juu ya mbata. Sijui nimekosa nini. Kama nimekosa, niambie."

"Toka kwa mke wangu."

"Nitoke niende wapi? Nilikuwa na pangu. Huku ndani pana mtu mwingine, mdogo, tunasongamana. Nikikaa vizuri yeye atatoka. Nirudishie changu, nakuomba kwa adabu, mwenye nyumba. Nimeomba kwa adabu tangu mwanzo."

"Bi Chiku nimemtumia mtu," Esha alinong'ona. "Shemeji, ifunike tu. Kaifunike, yaishe."

Ilikuwa imebaki hatua chache mpaka kile kitambaa. Mbwana alizijua hatua hizo. Lakini alisikia kwamba anaamrishwa ndani ya nyumba yake, na mkewe, na shemejiye, na kitu ambacho kwa miaka mingi alikuwa amewaambia wenzake hakipo, na moyo wake ukajaa nyongo.

"Chuma ni changu," alisema. "Leo hii nakwenda Diani nayo. Nikirudi tutazungumza habari za viti."

Akatoka. Klachi iliyoganda haimzuii mtu anayejua ujanja. Aliiwasha ikiwa haina gia, akaisukuma mpaka kwenye mteremko wa barabara, akakimbia nayo, na ilipopata mwendo akairukia na kuikanyaga gia. Ilishtuka, ikakohoa, ikashika njia. Mbwana alicheka kwa sauti. Huko nyumbani, mlio wa pikipiki ulipokuwa ukififia, Mwanarusi aliketi kwenye mkeka akashika tumbo lake.

"Limeacha," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Esha, limeacha kabisa. Ametoka."

"Ametoka amekwenda wapi?"

Esha alichungulia barabarani.

Mbwana alikuwa hajafika mbali alipohisi sehemu ya nyuma ya pikipiki ikididimia, kama inavyodidimia mtu anapopanda, taratibu, mtu mzito mwenye kukusanya nguo zake ili zisiingie kwenye gurudumu. Hakugeuka. Aliongeza mafuta, na upepo wa mwendo ulimpiga usoni, lakini harufu ya marashi ilitoka nyuma ikampita ikaenda mbele, kinyume cha upepo, ikamjaa puani na kooni mpaka akaionja. Alirudisha mafuta ili apunguze mwendo na mwendo haukupungua, akakanyaga breki na breki ikanuka kuungua bila ya kushika kitu, akajaribu kutoa gia na gia ilikuwa imesimama kama msumari kwenye mbao, akainama akafunga bomba la petroli na injini ikaendelea kunguruma vilevile, haina petroli, haina wasiwasi, huku mikono miwili ikimzunguka kiunoni kutoka nyuma na kukutana juu ya tumbo lake, mikono safi, mikavu, yenye joto, lile joto alilolikuta asubuhi juu ya ngozi ya kiti akasema ni paka.

Gazi watu waliokuwa wakitoka msikitini walimwona akipita. Walisema baadaye kwamba Mbwana alikuwa amempakia mgeni wa heshima, amevaa kanzu nyeupe isiyoshika vumbi jekundu la barabara. Walimtolea salamu yule mgeni, na yule mgeni akaitikia. Mbwana peke yake ndiye aliyepita kinywa wazi, bila ya kusema lolote.

"Bana mkono, mwenye nyumba," sauti ilimwambia sikioni. "Si ndiyo hiyo unayoitaka, klachi? Bana."

Aliubana mkono wa klachi kwa mkono wake wa kushoto, akaubana kama mtu anayening'inia, akaona vidole vyake vinakaza zaidi ya alivyovikaza yeye, kidole kimoja juu ya kingine vikijifunga juu ya chuma, na alipotaka kuachia havikuachia, na sahani zilizokuwa mle ndani nazo hazikuachia, na kwenye daraja la mbele ya Gazi pikipiki ikageuka yenyewe, polepole, vizuri, kama inavyogeuzwa na dereva mwenye subira, ikaelekea Msambweni kulikokuwa na kitambaa chake.

Iliingia uani ikapita moja kwa moja mpaka ndani ya banda. Hapo ikazima.

Bi Chiku alifika wakati wa alasiri. Alimkuta Mbwana amekaa juu ya pikipiki, mgongo umenyooka, mkono wa kushoto umefumba juu ya ule mkono wa klachi. Walikuwa wamejaribu kuvifungua vidole vyake kwa mafuta ya nazi, kisha kwa nguvu, wakashindwa. Macho yake yalikuwa mazima na yalikuwa yanalia. Kinywa kilipofunguka, hakikuwa chake.

"Shikamoo, mganga."

"Marahaba," alijibu Bi Chiku, akaketi kwenye gunia la mbata. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu. "Tulipatana. Kiti ulipewa. Unataka nini juu ya huyu?"

"Nilipewa, nikanyang'anywa. Chuma sikitaki tena. Nikipewa mara ya pili nitanyang'anywa mara ya pili. Nataka kiti kisichoweza kuondolewa chini yangu."

Mwanarusi alikuwa ameletwa, ameshikwa na dada yake. Bi Chiku alimgeukia, akazungumza naye kwa utaratibu ili aelewe kila neno.

"Mwanangu, huyu naweza kumtoa kwa mumeo sasa hivi. Dawa ninazo. Lakini akitoka hapa anarudi alikoanzia, kwako, na hali yako unaijua. Chuma hakitaki. Seremala hawahi. Mwenye nyumba ndiye hutoa, na mwenye nyumba leo hana kinywa. Basi aliyebaki ni wewe. Unasemaje?"

Mbwana alimtazama mkewe. Ninasema kweli, alimtazama kama ambavyo hakuwahi kumtazama tangu amwoe, na macho yake yakatembea kutoka usoni mwake mpaka tumboni na kurudi. Mwanarusi aliyaona. Mtoto alicheza ndani yake, naye akaweka kiganja pale alipocheza, akasubiri mpaka akatulia. Hakuwa na haraka. Hasira yake ilikuwa ya zamani na ilikuwa imepoa, na iliyopoa ndiyo ngumu.

"Mpeni huyo," alisema. "Hana kazi."

"Umetoa?" aliuliza Bi Chiku.

"Nimetoa."

"Umetoa?"

"Nimetoa."

Esha alimvuta mkono. "Mdogo wangu, ngoja kidogo. Fikiri."

Bi Chiku aliuliza mara ya tatu. Mwanarusi alikiokota kile kitambaa chekundu juu ya mbata, akakikung'uta vumbi, akamtandikia mumewe mabegani, akakivuta vizuri mpaka kikaenea.

"Nimetoa," alisema.

"Nimekubali, mama," kinywa cha Mbwana kikajibu. "Shukrani."

Vidole vyake vilifunguka kwenye chuma papo hapo. Kenga aliitwa baadaye, akaja, akabana klachi, na sahani zikaachana laini kabisa. Pikipiki ikauzwa kwa mtu wa Mkongani na haijawahi kumsumbua.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Babake yupo bandani, kwenye kiti cha mninga alichokuwa amekiahidi, maana Mwanarusi alikinunua. Hana wazimu na hana maradhi. Anakula akilishwa. Vidole vya mkono wa kushoto vimefumba tena, safari hii juu ya hewa. Alhamisi hufukiziwa udi. Kila asubuhi Mwanarusi humpelekea uji, na kabla ya kumpa huweka kiganja juu ya bega lake, pale penye kitambaa, aone kama pana joto. Huwa pana joto. Basi hurudi ndani kumnyonyesha mwanawe.